Konzi ya Pili ya Udongo

Nakumbuka jioni ile ya Machi, nilipotoka kazini nikakuta magari sita ya Wakenya yameegeshwa mbele ya nyumba yetu hapa Richfield, Marekani. Theluji ya mwisho ilikuwa imelundikana kando ya barabara, imekuwa nyeusi kwa uchafu, na magari yenyewe yalikuwa yamepandishwa juu yake ovyo ovyo. Wakesho mwanangu, wewe umezaliwa huku, na pengine hujui maana ya magari sita. Gari moja ni mgeni. Mawili ni ushirika wa kanisa. Sita, siku ya Jumanne, nawe hukualika mtu, ni msiba, na msiba wenyewe ni wako. Nilisimama nje na koti langu juu ya sare ya kazi, nikakataa kuingia. Nilijidanganya kwamba nikibaki pale kwenye baridi, habari haitanifikia.

Ndivyo tunavyofanya sisi. Mtu akifiwa huko nyumbani Kenya, ndugu zake hawampigii yeye simu. Humpigia mchungaji au rafiki, naye huwakusanya watu, wakatangulia nyumbani kwako na kupika chai, ili habari isikukute peke yako barabarani. Siku ile Mama Tabitha, mkubwa wa kina mama wa kanisa letu, alinipokea mlangoni penye lundo la viatu. Akanivua mkoba, akatoa simu yangu humo ndani na kuitia mfukoni mwake.

"Mama Wakesho, hebu kaa chini kwanza," akasema. "Chai iko tayari."

"Ni nani?"

"Kaa kwanza, mpenzi."

Nilikaa. Aliyefariki alikuwa mama yangu, bibi yako wa Wundanyi. Na kabla chai haijapoa nilikuwa nimejua na la pili, lililoniuma kuliko la kwanza. Mama alikuwa ameugua miezi saba. Watu wote wa kwetu walijua, hata Mama Tabitha alikuwa amedokezwa, na mimi binti yake sikuambiwa.

Aliyenificha alikuwa dada yangu Mkamburi, mama yako mkubwa. Tulizaliwa wawili tu, yeye akitangulia kwa miaka sita. Kila Jumapili nilikuwa nikipiga simu kumsalimia mama, na kila Jumapili Mkamburi ndiye aliyepokea. "Mama amelala," aliniambia. Wiki nyingine mama alikuwa kanisani, wiki nyingine ameenda kwa jirani, lakini mara nyingi zaidi alikuwa amelala. Nami nikicheka, nikasema mama amezeeka kweli, siku hizi amekuwa mtu wa usingizi! Nilicheka, mwanangu, na Mkamburi akacheka nami. Kicheko hicho ndicho nilichoshindwa kumsamehe.

Sababu yake niliijua, nisikudanganye. Makaratasi yangu ya kuishi Marekani yalikuwa bado hayajatoka. Ningeambiwa mama mgonjwa, ningepanda ndege siku ile ile, na nisingeruhusiwa kurudi, nanyi mlikuwa wadogo, wewe miaka kumi na mmoja na kaka yako Mghanga kumi na mitatu. Hayo yote niliyajua hata nikiwa pale kwenye kochi, kikombe mkononi. Lakini hasira hasara. Nilidai simu yangu kwa Mama Tabitha, nikaingia bafuni, nikampigia Mkamburi. "Nilikuwa na mama mmoja," nikamwambia, "ukaniibia miezi yake saba ya mwisho. Tangu leo mimi sina dada." Nilingoja ajitetee ili nimpe mengine. Hakujitetea. Alisema tu, "Sawa, Mghoi," kwa sauti ya mtu aliyelia mpaka akachoka, nami nikakata simu.

Kusafiri kwenda kuzika sikuweza. Baada ya mwezi, Mkenya mmoja aliyetoka likizo akaniletea bahasha kutoka kwa Mkamburi. Ndani mlikuwa na leso ya mama na diski ya video ya mazishi, kama ilivyo kawaida yetu, maana siku hizi hatuziki bila mpiga video, kwa ajili ya sisi tulio mbali. Leso niliivaa. Diski niliitia kwenye droo ya chini, chini ya mablanketi, nikaifunika. Ilikaa humo miaka sita. Mlipokuwa mkiniuliza habari za Mama Mkubwa Mkamburi nilikuwa nikijibu, "Yuko tu," mkaacha kuuliza.

Unaona kwa nini nakuandikia haya leo? Tangu Pasaka humsemeshi kaka yako. Ulimwambia siri kwamba umeacha masomo ya uuguzi, ukamwapisha asiniambie, naye akaniambia. Sasa akija wewe unatoka, akipiga simu huipokei. Nami nimekaa kimya miezi yote hii, kwa sababu nyani haoni kundule, na huyu nyani wako kwa bahati mbaya ameshaliona la kwake. Nilijiuliza mtoto amejifunza wapi kunyamaza namna hiyo, nikakumbuka droo.

Basi nisikilize. Nitakuambia jinsi nilivyokemewa nilipokuwa kijana. Usicheke! Nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini, lakini aliyenikemea alikuwa na tisini na mmoja, na mbele yake mimi nilikuwa mtoto wa juzi.

Mwaka ule treni ya Green Line ilipoanza kwenda Saint Paul, mji wa jirani, nilipata kazi katika nyumba moja ya wazee kule. Nilikuwa nikipanda basi hapa Richfield mpaka mjini, kisha nashika treni. Katika wazee niliopewa kuwahudumia alikuwapo bibi mmoja mweusi, mwembamba, mzaliwa wa Grenada, kisiwa kidogo cha Karibi kinacholima kungumanga. Alikuwa ameishi Saint Paul karibu maisha yake yote akishona mapazia ya watu. Wafanyakazi walimwita Miss Verna. Mimi nilishindwa kumwita hivyo mtu wa rika la mama yangu, nikamwita Mama Verna. Aliuliza maana, nikamwambia, akakaa akilitazama dirisha. "Neno hilo lilinichelewa," akasema. Wakati ule sikuelewa.

Kila Jumamosi nilimsuka. Nywele zake zilikuwa chache na laini, nikizipaka mafuta ya nazi na kuzisuka mistari minne kurudi nyuma. Wengine walikuwa wakimchana tu na kumfunga kitambaa, lakini mimi mikono yangu haikujua kuacha kichwa hivi hivi.

"Nani alikufundisha kusuka?" aliniuliza Jumamosi moja. Tulisema Kiingereza, chake cha visiwani kikipanda na kushuka, nami nakuwekea kwa Kiswahili.

"Dada yangu," nikajibu. "Alikuwa akinibana katikati ya magoti yake, nikilia ananipiga na kitana."

"Yuko wapi sasa?"

"Sina dada."

Alinyanyua mkono akanishika kifundo cha mkono, kitana kikabaki juu. Mtu wa miaka tisini na mmoja, na mkono wake ulikuwa na nguvu.

"Mtoto," akasema, "umeniambia sasa hivi kwamba dada yako ndiye aliyekufundisha. Kisha unaniambia hayupo. Moja katika hayo mawili ni uongo, na kichwa changu kinajua ni lipi. Unanisuka kwa mikono ya nani?"

Nilimaliza mstari wa nne nikarudisha kitana mahali pake. Nilikasirika, maana nani alimwomba ushauri? Lakini Jumamosi iliyofuata nilimweleza yote, magari sita, miezi saba, na "Mama amelala." Hakunipa pole. Alingoja mpaka nilipomaliza kichwa chote, ndipo akanisimulia yake.

Kwao nao walikuwa wasichana wawili, Verna na mdogo wake Pearl, katika nyumba ya mbao iliyonukia kungumanga mwaka mzima. Verna alipofika miaka kumi na saba alipata mimba. Mama yao hakupiga kelele. Alimficha ndani mpaka akajifungua, kisha akamchukua yule mtoto wa kike, Doreen, akawatangazia majirani kwamba ni wake mwenyewe, kitinda mimba wake. Nyumba nzima iliapishwa. Tangu siku hiyo Verna akawa dada wa mtoto wake wa kumzaa. Alipohamia Marekani alikuwa akimshonea magauni na kumpelekea, na kila gauni aliliandikia, "Kwa mdogo wangu." Siri ya mtungi aijuaye kata, mwanangu. Watu waliona magauni, hawakuona machozi.

Miaka ikapita, Doreen akawa mtu mzima. Wiki ile waliyomzika mama yao kule Grenada, Doreen alimshika Pearl akamuuliza kwa nini sura yake ni ya Verna tupu. Na Pearl akamwambia.

"Nilipojua nilimpigia Pearl simu," Mama Verna alisema. "Nikamwambia umevunja kiapo cha mama kabla udongo wa kaburi lake haujakauka. Nikamwambia kwangu mimi umekufa pamoja naye. Ni zaidi ya miaka thelathini sasa."

"Na Doreen?" nikauliza. Doreen nilimfahamu, alikuwa akiishi Anoka na kuja kila Alhamisi, mama wa miaka sabini na zaidi. Nilijua ni binti yake tu.

"Doreen alipanda ndege, akaja mpaka mlangoni kwangu, akaniita mama. Nilikuwa na miaka hamsini na saba. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Pearl ndiye aliyenipa neno hilo, na mimi nikamlipa kwa kumnyamazia."

Kisha akanionyesha chini ya kitanda. Kulikuwa na makopo yamepangwa, ya bati, mengine yameshika kutu, yote yamefungwa. Pearl alikuwa akimtumia moja kila Krismasi. Hakuwahi kulifungua hata moja, na hakuwahi kulitupa. Nilipoinama kuyatazama, nikaikumbuka droo yangu, nikaona haya.

"Wewe umekasirika kwa sababu dada yako alificha," akaniambia. "Mimi nilikasirika kwa sababu dada yangu alisema. Sasa niambie, mtoto, hao dada zetu walitakiwa wafanye nini?"

Nilisema nitafikiri. Yeye hakutaka kufikiri tena. Alhamisi ile alimwambia Doreen anataka kuzungumza na Pearl, na si kuzungumza tu, anataka kumwona uso. Doreen alilia kwa furaha pale pale. Akapanga na watu wa Grenada kwamba Jumapili ya wiki inayofuata, baada ya ibada, mjukuu wa Pearl atashika simu ya video upande ule, na mimi nitaishika upande huu, maana ni zamu yangu. Wiki nzima Mama Verna alihesabu siku. Aliniuliza kama kwenye hiyo simu mikunjo inaonekana. Nikamwambia inaonekana vizuri kabisa, akasema basi na Pearl aione, ni haki yake.

Jumamosi, nikiwa natoa mashuka vyumbani, Doreen alinijia ukumbini amevaa koti ndani nje. Alinivuta nyuma ya gari la nguo chafu. Pearl alikuwa amefariki alfajiri ya jana yake, usingizini.

"Mama asiambiwe," Doreen alisema. "Moyo wake umechoka, daktari amesema. Nakuomba. Tumwambie simu ya huko ina shida, tuahirishe, tuahirishe, mpaka niweze."

Na mimi, mwanangu, mimi niliyemkana dada yangu kwa jambo hilo hilo, niliitikia kwa kichwa bila hata kufikiri. Nilimhurumia yule bibi. Nilimwona moyoni akipokea habari hiyo, nikasema hapana, asiumie. Niliona ninatenda wema.

Jumapili nilimkuta amekaa kitini tangu asubuhi. Alikuwa amemwomba mfanyakazi wa usiku amvalishe gauni lake la buluu, na kofia ya kanisani kichwani, juu ya mistari yangu minne. Alikuwa amepaka rangi ya mdomo, kidogo imetoka nje. Mikono ameiweka magotini.

"Washa," akaniambia.

Nilishika simu yangu. Niliibonyeza bonyeza, nikajifanya natafuta namba. Nikasema mtandao wa huko leo ni mbaya. Akasema tungoje. Tukangoja. Akasema jaribu tena. Nikajifanya nimejaribu, nimezungumza na mtu, nikaishusha simu, nikamtazama yule bibi na kofia yake, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Pearl amelala," nikasema.

Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mkamburi, ile ile, tamu, nyepesi, yenye kicheko kidogo mwishoni ili nisishuku. Na hapo nikajua kicheko kile kilitoka wapi. Kumbe mtu huchekea hivyo ili asilie kwenye simu. Miezi saba, kila Jumapili, Mkamburi alikuwa amesimama mahali nilipokuwa nimesimama mimi dakika moja tu, na nyuma yake chumbani mama anaugua.

Nilimwambia Mama Verna nakuja. Nikaenda kwenye stoo ya mashuka nikafunga mlango. Ilikuwa saa tano ya asubuhi, kwetu Wundanyi saa moja ya jioni. Namba ya Mkamburi nilikuwa nimeifuta kwenye simu miaka sita iliyopita, lakini vidole vilikuwa havijaifuta. Iliita mara tatu.

"Haloo? Mghoi?" Alijua namba yangu. Kisha sauti ikabadilika. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Dada."

"Watoto?"

"Wazima."

"Sasa mbona umepiga?"

"Nimepiga tu."

Nilisikia simu ikiwekwa mezani. Nilisikia redio ikisoma habari, na mbali kidogo nilimsikia dada yangu akilia kwa sauti, jinsi tulivyokuwa tukilia utotoni, bila kuficha. Nilingoja. Alirudi akapenga kamasi, akauliza, "Umekula?" Mimi nilikuwa nimekaa juu ya furushi la taulo, nikajifuta uso kwa taulo moja.

Siku ile nilimuuliza, kwa mara ya kwanza, kwa nini. Akasema mama ndiye aliyemwapisha, siku alipopata majibu ya hospitali. Mama alisema, "Mghoi akiambiwa atakuja, na akija watoto wake watalelewa na nani? Nife nimewatenganisha?" Mkamburi alikuwa amelibeba hilo miaka sita, kwa sababu hakutaka nimkasirikie mama aliyekwisha kufa. Alijitoa yeye nimkasirikie badala yake.

Jumanne niliporudi kazini, Mama Verna alikuwa amelala kitandani, kofia imerudi kwenye sanduku lake.

"Pearl amekufa, sivyo?" akasema. "Usiniangalie hivyo. Nimekulia katika nyumba ya siri, uso wa kuficha naujua. Na nani analala mchana dada yake anapompigia baada ya miaka thelathini?"

Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwomba radhi. Alinipapasa kichwa.

"Ulipotoka mbio vile, ulikwenda wapi?"

"Kumpigia dada yangu."

"Akapokea?"

"Akapokea."

Alifumba macho, machozi yakamshuka mpaka masikioni, akayaacha. "Basi simu ya Pearl haikupotea bure," akasema. Baada ya muda akaniambia nimtolee yale makopo nimfungulie. Nilihangaika na kijiko, na kutu, na vifuniko vilivyoganda. Kila kopo lilikuwa na kungumanga, na ganda lake jekundu limekauka, basi. Hakukuwa na barua hata moja.

"Miaka yote niliogopa kwamba humo ameniandikia matusi," alisema. "Kumbe ni kungumanga tu." Chumba kizima kilinukia. Alizishika mkononi moja moja, akiita jina la Pearl, na hakuna tuliloweza kufanya mimi wala Doreen ila kukaa naye. Alifariki majani yalipoanza kugeuka rangi. Mpaka leo nikinusa kungumanga kwenye chai ya mtu namtamani.

Mimi na Mkamburi tulianza tena Jumapili zetu. Lakini makaratasi yangu yalichelewa mpaka kaka yako alipofikisha miaka ishirini na mmoja, umri wa raia kumsimamia mzazi wake. Ni Mghanga huyo huyo unayemkwepa aliyeketi na zile fomu akatia sahihi, ndipo Juni hii nikaenda kwetu. Mkamburi alinipokea penye lango. Nilimkimbilia, naye akaninyooshea mikono, lakini aliinyoosha upande kidogo, si nilipokuwa. Presha ya macho ilikuwa imemmaliza, na hakuniambia, alisema kwa simu kwamba anaona vizuri. Alinipapasa uso, akafika kichwani, akazipima nywele zangu kwa vidole. "Nani huyu amekusuka vibaya hivi?" akauliza. Akanikalisha chini katikati ya magoti yake akanifumua. Miaka ile sita alikuwa bado anaona, mwanangu. Angeniona hata kwenye simu. Majuto ni mjukuu, na wangu nimempakata kila siku tangu nirudi.

Sasa nikuambie la mwisho, ambalo nimelificha mimi mwenyewe, kwa kuwa katika ukoo huu kila mtu ana lake. Jioni ile niliyofungua makopo ya Mama Verna, nilirudi nyumbani nikaifungua droo. Unakumbuka. Mghanga alileta kompyuta, wewe ukakaa kulia kwangu na yeye kushoto, tukatazama mazishi ya bibi yenu. Ilipofika kaburini, Mkamburi alionekana akichota udongo konzi moja, akautupa. Kisha akainama tena akachota konzi ya pili, akaishikilia kidogo, akasema maneno kwa Kitaita, akaitupa. Mliniuliza kwa Kiingereza amesema nini. Niliwaambia anaomba tu.

Hakuwa anaomba. Alisema, "Mama, ule ulikuwa wangu. Huu ni wa Mghoi, yuko mbali, mpokee." Hiyo ilikuwa siku ya nne tangu nimwambie kwamba sina dada. Na diski ile ilikuwa droo ya chini, hatua tatu kutoka kitandani kwangu, usiku wote nilipolala nikilia kwamba mama amezikwa bila mimi.

Wakesho, shauri langu ni hili. Ndugu yako atakukosea, na atakukosea katika lile linalouma, maana yeye ndiye anayejua lilipo. Pearl alisema, akaadhibiwa. Mkamburi alinyamaza, akaadhibiwa. Mghanga aliniambia kwa sababu ulikuwa umeacha kula na yeye aliogopa, naye sasa anaadhibiwa. Kabla hujamhukumu mtu kwa siri aliyoitoa au aliyoifunga, muulize kwa nini, na umuulize angali anaweza kukujibu. Ukikasirika, kasirika, hata mimi bado nakasirika. Lakini kasirika mlango ukiwa wazi. Na usitie kwenye droo kitu ambacho ndugu yako amekutumia, kabla ya kukitazama.

Mungu wa bibi yako akulinde, mwanangu. Akupe chakula na hamu ya kukila, akupe kazi unayoipenda, iwe uuguzi au isiwe. Asikukoseshe mtu wa kukutaja jina mahali usipoweza kufika, na mikono yako isichoke kumfanyia mwingine vivyo hivyo.

Sasa weka karatasi hii chini umpigie kaka yako. Atashtuka, atakuuliza ni nani amekufa. Mwambie hakuna, umepiga tu.